Kuchonga nakshi ya almasi kwenye kitako cha bunduki: anza na ubao

Vile vijimraba vilivyochongoka kwenye kitako cha bunduki ya kuwindia, pale kiganja kinaposhika, havikuwekwa kwa urembo tu. Vinazuia mkono wenye jasho usiteleze.

Kitako cha bunduki ya mtu usikiguse kwanza. Tafuta kipande cha walnati, au mninga wenye nyuzi zilizonyooka, ukipige randa na msasa. Msonobari achana nao, vilele vya vijimraba vinamomonyoka.

1. Chora mpaka wa eneo lako. Kata karatasi ngumu umbo la almasi, upana inchi 1, urefu inchi 3, uilaze katikati, urefu ukifuata nyuzi za mbao. Chora pande mbili zinazokutana, uziendeleze kwa rula hadi mpakani. Hiyo ndiyo mistari mama.

2. Bana ubao kwenye jiliwa. Kata mistari mama kwa zana ya safu moja, yenye meno ya umbo la V. Kina kidogo tu.

3. Sasa zana ya safu mbili: safu moja inatembea ndani ya mfuo uliokwisha kukatwa, ya pili inafungua mfuo mpya. Mistari 18 kwa inchi inamtosha anayeanza.

Hapa ndipo kazi inapoharibikia. Mfuo ukipinda kidogo, unaofuata unarithi kasoro hiyo na kuongeza yake. Kwenye ubao wangu wa kwanza niliona kombo kwenye mfuo wa tano, nikajiambia itajinyoosha yenyewe. Kufika wa kumi na mbili, mistari imejikunja kama upinde. Kwa hiyo kila baada ya mifuo minne fungua ubao, uupeleke kwenye mwanga wa pembeni, ufumbe jicho moja na kuutazama mfuo kutoka mwisho hadi mwisho. Ukiona kombo, rudi na zana ya safu moja, nyoosha kwanza.

4. Rudia kwa mwelekeo wa pili. Vijimraba vitakuwa na vichwa bapa. Ndivyo inavyotakiwa kwa sasa.

5. Ongeza kina kwa zana ya safu moja, mwelekeo mmoja kisha wa pili, mapito matatu au manne, mpaka vilele vichongoke. Vikichongoka, acha. Karibu na mpaka, simama milimita 3 kabla, geuza ubao, umalizie ukikata kutoka mpakani kwenda ndani. Zana ikiruka mpaka, mkwaruzo haufutiki. Mafundi huuficha kwa kuchonga ukingo mpana.

6. Toa vumbi kwa mswaki mkavu. Paka mafuta ya kitani kidogo sana kwa mswaki mwingine, kwani yakituama yanagandia mifuoni.

Nilijaza mbao tatu kabla ya kushika kitako. Kitako ni mviringo, hivyo badala ya rula ngumu tumia ukanda wa plastiki unaopinda. Na mwenye silaha akifungue mwenyewe, kikufikie mti mtupu, bila chuma.