Praima ya nyuma: zungusha karatasi

Kwa mnaosoma baiolojia ya molekuli mwaka wa kwanza au wa pili: hili nimelipata juzi kwenye foleni ya feri Likoni, daftari mkononi. Ukitakiwa kuandika praima ya nyuma (kipande kifupi cha DNA kinachojibandika kwenye uzi wa juu ili unakili uanzie hapo), usijaribu kugeuza herufi kichwani. Andika uzi wa juu, mfano 5-ATGGCCTA-3 (5 na 3 ni majina ya ncha mbili za uzi, herufi ni besi zake). Chini yake andika jozi zake, A kwa T, G kwa C: 3-TACCGGAT-5. Sasa zungusha karatasi juu chini (si kuipindua kama chapati, jamani), usome mstari ulio juu sasa, kutoka kushoto: 5-TAGGCCAT-3. Hiyo ndiyo jibu, inakili upya karatasi ikiwa imelala hivyo hivyo.

Inafaa kwa sababu nyuzi mbili za DNA zimelala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na polimerasi (kimeng'enya kinachojenga DNA) huongeza besi kwenye ncha ya 3 tu. Wengi wetu hutaja jozi sawasawa halafu tukasahau mwelekeo, alama zikaenda. Jipime kwa GAATTC, mahali EcoRI, kimeng'enya cha kukata DNA, inapokata: ukizungusha lazima upate GAATTC ile ile.

Itakuangusha swali likikupa uzi ulioandikwa kuanzia 3, kwa hivyo tazama namba za ncha kwanza. Kwenye RNA kumbuka U badala ya T. Na mfuatano wa besi mia tatu, mwachie kompyuta.