Kabla Gari Lako la Umeme Halijapanda Meli

Meli itakayokuletea Nissan Leaf, gari la umeme, kutoka Japani inaweza kuwa ya kisasa kabisa, pengine hata mojawapo ya zile zinazotumia gesi asilia badala ya mafuta mazito. Hilo halina maana kwamba itakuchajia gari. Soketi za kuchaji zipo kwenye baadhi ya feri za abiria huko Ulaya, na hata huko wenye meli hawana msimamo mmoja: mwaka 2023 kampuni ya Havila ya Norway iliacha kabisa kubeba magari ya umeme kwa kuhofia moto. Meli za mizigo zinazokuja Mombasa hubeba gari likiwa limezimwa kwa wiki kadhaa. Chaji litakayoondoka nayo Japani ndiyo utakayoikuta, pungufu kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambie muuzaji alipakie likiwa na chaji ya karibu nusu. Betri ya lithiamu iliyojaa pomoni ikikaa muda mrefu kwenye joto huchakaa upesi, na ikishika moto huwa na nishati nyingi zaidi ya kutoa. Iliyobakiza kidogo nayo inaweza kushuka hadi ikaharibika. Uliza pia kama kampuni ya meli imeweka kiwango chake cha chaji.

Omba picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Kwenye Leaf kuna vipande vidogo 12 vya kuonyesha afya ya betri, na hivyo havihusiani na chaji ya siku hiyo. Mimi ningevitazama hivyo kabla ya rangi, viti au kilomita. Sheria ya Kenya kwamba gari linaloagizwa lisizidi umri wa miaka 8 unaijua tayari.

Bandarini, kinachosumbua zaidi ni ile betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari haliwaki ingawa betri kubwa ina chaji. Mwambie ajenti wako wa forodha mapema, aje na waya za jampa, asije akakupigia simu kwamba umeuziwa mkweche.

Kisha kuna safari ya kuja Nairobi, karibu kilomita 480. Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 ikiwa na nusu chaji huenda isifike hata Voi. Barabara yenyewe inapanda: kuinua gari la kilo 1,500 kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 hula karibu kilowati-saa 7, kabla hujahesabu upepo, matairi na feni. Lori la kubeba magari ni gharama, lakini mimi ningelilipia.

Huku nyumbani, kumbuka kwamba Leaf ya Japani ina tundu la Type 1 (la kuchaji polepole) na lile la CHAdeMO (la kuchaji haraka), ilhali vituo vingi vipya vinajengewa plagi za aina nyingine, Type 2 na CCS2. Hakikisha adapta yako imepatikana kabla gari halijafika. Fundi wa stima naye akague waya wa ethi (earth) na nyaya za nyumba, kwa kuwa kuchaji huvuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo. Tangu 2023 kuna bei maalum ya stima ya kuchaji magari, na saa za usiku ni nusu ya mchana, ila haiji yenyewe kwenye mita yako; lazima uiombe. Na kama umepanga fleti, anza na mwenye nyumba: mita iko mlangoni kwako, lakini maegesho ni yake.