Kabla hujaingiza wanachama 3,000 kwenye mfumo kwa mkupuo

Huku kwetu Mbeya faili la wanachama hufika kwa WhatsApp. Ni Excel: majina, namba za simu, na pembeni kabisa safu ya maneno ya siri, yako wazi kama bei za viazi pale Mwanjelwa. Anza na safu hiyo. Uliza kama inahitajika kweli, maana mara nyingi haihitajiki. Ingiza akaunti bila neno la siri, kisha kila mwanachama atumiwe namba ya kutumika mara moja, ajiwekee lake. Kuwapa wote neno moja, kama "chai2024", sikubaliani nako hata kwa siku moja.

Kama ni lazima maneno yaingie, safu hiyo isomwe kama maandishi. Excel hula sifuri ya mbele: 0417 inakuwa 417, halafu mzee anapanda gari kutoka Kiwira kuja kuambiwa neno lake si sahihi.

Kisha yahashiwe kabla hayajagusa kanzidata. Kuhashi ni kusaga: ukishapata unga, hurudishi mahindi. Ila kinu kiwe cha polepole. MD5, njia ya kuhashi iliyobuniwa 1991, ina kasi mno. Mwizi mwenye kadi nzuri za michoro hujaribu mabilioni ya maneno kwa sekunde. Chukua bcrypt au Argon2id, njia za kuhashi zilizofanywa polepole makusudi, na kila neno lipate chumvi yake, yaani herufi za kubahatisha zinazochanganywa nalo kabla ya kusagwa.

Upolepole huo ndio uliowahi kuniumbua nikifanyia kazi chama cha wakulima wa chai Tukuyu. Robo sekunde kwa mtu mmoja si kitu, lakini kwa watu 3,000 ni sekunde 750, dakika kumi na mbili na nusu. PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, kwa kawaida hukata ombi la ukurasa baada ya sekunde 30. Watu mia na kitu walikuwa wameingia, waliobaki hawamo, na sikujua nianzie wapi. Usipunguze ugumu wa hashi kwa sababu hiyo. Ipeleke kazi kwenye foleni ya nyuma, inayoendelea kwenye seva bila kusubiriwa na ukurasa, watu 100 kwa fungu, kila fungu liandike lilipoishia, ili hata umeme ukikatika uendelee palepale.

Mfumo wa zamani ukikupa hashi za MD5, zihashi hizo zenyewe kwa bcrypt. Mwanachama akiingia mara ya kwanza, neno lake lenyewe lihashiwe upya kwa bcrypt, bila MD5.

Panga pia nani atalifuta faili: kwenye seva, kwenye flashi, na kwenye simu ya katibu. Kumbukumbu za makosa nazo zipitiwe, kwani programu nyingi huandika mstari mzima ulioshindwa kuingia, neno la siri likiwemo.