Pima redio yako: ahadi za nani zinasikika, na nani anaulizwa?

Mwongozo huu nimewaandikia waandishi wa redio za Mtwara na Lindi, ila hata msikilizaji mwenye simu na daftari anaweza kuufuata.

Hatua ya 1. Andika mada kabla wagombea urais hawajafika. Ukisubiri mkutano wa hadhara, mada atakupangia mgombea. Kwetu kusini zinajulikana: bei ya korosho na pembejeo, gesi, mradi wa LNG (gesi asilia iliyogeuzwa kuwa kimiminika) wa Likong'o, reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay. Kisha tafuta ilani za vyama vyote. Usipoipata mtandaoni, nenda ofisi ya chama ya wilaya.

Hatua ya 2. Rekodi taarifa ya habari ileile kila siku kwa wiki nzima. Matangazo ya kulipia na mikutano inayorushwa moja kwa moja weka kando. Tunapima uamuzi wa chumba cha habari, si biashara.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Chora jedwali la safu tano: mgombea, sekunde zote, sekunde za sauti yake mwenyewe, ahadi, swali aliloulizwa.

Tuseme habari ya Masasi ina sekunde 90. Msafara na wasanii wamekula 40, shukrani za mwenyekiti wa wilaya 25, na mwishoni mgombea anasema "tutapandisha bei ya korosho". Ahadi: moja. Swali: hakuna. Wa pili kapewa sekunde 20, zote zinaeleza kwamba alikuja na bodaboda. Ahadi: sifuri, japo jukwaani huenda alizungumzia salfa, dawa ya mikorosho, nusu saa nzima. Wa tatu naye anaahidi bei nzuri ya korosho, ila mtangazaji anaongeza: "Hakueleza fedha zitatoka wapi." Swali zuri sana! Mbona wa kwanza hakuulizwa?

Mimi husoma safu ya maswali kwanza. Upendeleo wa dakika kila mtu anausikia; huu wa maswali hupita kimyakimya.

Na maswali yapo. Korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani na minada tangu 2007: mkulima huzipeleka ghalani, hupewa stakabadhi, kisha huuzwa mnadani. Novemba 2018, minada ilipokwama kwa mvutano wa bei, serikali ilitangaza kuzinunua yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo. Anayeahidi bei leo aulizwe: atagusa mnada, au atatoa fedha za serikali?

Hatua ya 4. Mtu wa pili ajaze jedwali lake bila kuona lako. Mkitofautiana, sikilizeni tena.

Hatua ya 5. Usidai dakika sawa kwa wote. Mwaka 2020 wagombea urais walikuwa 15. Taarifa ya dakika kumi itawabeba vipi? Dai swali lilelile kwa kila ahadi. Kabla ya kulaumu, uliza pia mwandishi alisafiri na gari la nani. Aliyepanda msafara wa chama kimoja hawezi kufika Newala kwenye mkutano wa chama kisicho na gari. Bahasha, yaani fedha wanazopewa waandishi na wanaoandikwa, ni mjadala mwingine, tena mrefu.

Hatua ya 6. Peleka jedwali kwenye kikao cha asubuhi, karatasi moja tu, bila kumtaja mwandishi yeyote. Onyesha visanduku vitupu, kisha mgawane: nani anampigia nani leo, na anauliza nini. Mgombea asipopatikana, tafuta msemaji wa chama. Naye asipopokea simu, soma ilani yao hewani na utaje ukurasa.