Kulizunguka ziwa peke yako na kamera: anza kwa kuangalia jua

Majira ya machipuko yakifika, miti inapochipua baada ya baridi, na unataka kulizunguka ziwa, kabla hujaanza kuhangaika na lenzi gani ubebe, amua kwanza utaanza kutembea kwa mkono upi. Wengi wakifika ziwani hufuata njia isiyo na matope. Mimi huangalia jua, maana kwa mpiga picha anayelizunguka ziwa, upande wa kuanzia una uzito kuliko kamera ya bei mbaya.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukitaka ng'ambo ya ziwa iwake, jua liwe mgongoni mwako. Asubuhi jua liko mashariki, kwa hiyo simama ufukwe wa mashariki utazame magharibi. Kaskazini, mbali na ikweta, jua la adhuhuri huegemea kusini, basi saa 6 mchana ikukute ufukwe wa kusini, na alasiri uwe umefika magharibi. Ukienda hivyo, ziwa linabaki mkono wako wa kulia siku nzima. Kusini, mbali na ikweta, ambako machipuko huanza Septemba, geuza: mashariki, kaskazini, magharibi, ziwa mkono wa kushoto.

Mtu hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Mwenye kamera asijidanganye, apige hesabu ya kilomita 2. Mzunguko wa kilomita 12 ni mwendo wa muda wa saa 6, na hapo bado hujakaa kula. Ndiyo maana naenda peke yangu. Ukiongozana na asiyepiga picha, kila ukichuchumaa yeye anakusubiri, na kule kusubiri kwake kunakuharakisha hata asiposema neno. Sina sababu nyingine ya kishairi.

Mkobani: lenzi moja, kichujio cha polaraiza, kitambaa kikavu, na betri ya akiba ambayo utaiweka mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu baridi ya alfajiri huimaliza betri upesi. Tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, naiacha nyumbani. Mchana mwanga unatosha, na uzito wake utausikia ukifika nusu ya njia.

Picha za taswira majini, yaani miti na anga vinavyoonekana juu ya maji kama kwenye kioo, zipige mwanzo kabisa. Asubuhi maji hutulia. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hewa ya baridi inaanza kuvuma kutoka majini kuja ufukweni, na kioo chote kinavunjika. Hapa pana mambo ambayo watu hawayaangalii. Kwanza, taswira ina giza kidogo kuliko kitu chenyewe, kwa sababu sehemu ya mwanga imezama badala ya kurudi. Ukipima mwanga kwa maji peke yake, anga litaungua jeupe. Pima kwa anga, kisha sehemu za giza uziangaze nyumbani kwenye kompyuta. Pili, shuka. Piga goti, teremsha kamera karibu na maji, na uone jinsi mti wa majini unavyorefuka ukakaribia kulingana na ule wa juu. Tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Chukua jani linaloelea juu ya taswira ya mti. Jani liko mita moja kutoka kwako, lakini kwa lenzi ule mti wa majini uko mbali kama mti wenyewe. Ukifokasi jani, mti unayeyuka. Ukifokasi mti, jani linakuwa doa. Kubana tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi f/11 kunasaidia, lakini hakuvipatanishi kabisa. Chagua kimoja. Mimi huchagua jani.

Kichujio cha polaraiza kinafuta mng'aro wa maji ili uone mawe ya chini. Hufanya kazi vizuri zaidi ukiyatazama maji kwa mshazari wa nyuzi kama 37 kutoka usawa wake. Kizungushe taratibu huku ukiangalia, usikisahau kwenye lenzi, kwani kitakufutia pia taswira uliyoamka mapema kwa ajili yake, na kinakula mwanga.

Adhuhuri, wakati wengi hufunga kamera, geukia majani. Majani machanga ni membamba na mwanga hupenya ndani yake, kwa hiyo hapa vunja kanuni ya jua mgongoni: simama jani liwe kati yako na jua, kinga lenzi kwa kiganja, utafute kivuli cheusi nyuma yake. Upepo ukitikisa matawi, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde.

Ndege nitawapitia haraka, maana bila lenzi ndefu utapata nukta tu. Anayeruka anahitaji 1/1000 au zaidi. Ukibahatika kumwona kibisi, ndege wa majini mwenye kupiga mbizi, akiwa na vifaranga mgongoni, kaa kimya ulipo. Ndege akiacha alichokuwa akifanya na kuinua shingo kukutazama, umesogea mno. Matete usiyaingie kabisa majira haya, ndiko kwenye viota.

Sasa la upweke. Mwachie mtu ujumbe: unaanzia wapi, ziwa litakuwa mkono gani, na saa ngapi atarajie simu yako. Mkono gani ndilo neno la maana, kwani atakayekutafuta atajua aanzie wapi. Panapoganda, barafu ya machipuko usiikanyage hata ikionekana nene, maana huoza kwa ndani. Na joto la hewa lisikudanganye. Unaweza kuvua koti huku maji yakiwa bado karibu na nyuzi 4 za Selsiasi, baridi inayomkata pumzi muogeleaji hodari.

Vijito vinavyoingia ziwani vinahitaji akili zaidi. Palipo na theluji milimani, huyeyuka kwa jua la mchana, na kijito kinachorukika asubuhi huweza kufurika alasiri. Kwa hiyo tazama ramani kabla, ujue vivuko viko wapi, na ukifika nusu ya mzunguko jiulize kama vilivyobaki vinavukika. Kabla ya hapo, kurudi ni njia fupi. Ukishapita nusu, kurudi ni mbali kuliko kumalizia, na giza halitakusubiri.

Ukimaliza, kagua kupe nyuma ya magoti na kiunoni kabla hujakaa kutazama picha.