Homa ikishuka usiache dozi: jinsi ya kumeza mseto na kuutunza kwenye joto

Jamani hili nalisema kwa uchungu maana kila msimu wa mvua ni yaleyale. Mtu kapimwa kakutwa na malaria, kapewa dawa ya mseto (ALu, yaani artemeta na lumefantrini pamoja), kameza mara mbili tu, kesho yake mwili umepoa anasema nimepona, vidonge vilivyobaki anaviweka kabatini mtoto akiumwa ampe. Usifanye hivyo kabisa.

Iko hivi, homa inapanda pale vimelea vinapopasua seli nyekundu za damu, kwa falsiparamu, aina ya kimelea cha malaria, ni kila baada ya saa 48 hivi, na joto likifika 39 au 40 vile vilivyokomaa vinaumia sana ila vichanga vinavumilia, maana vina namna ya kukarabati na kusafisha protini zilizoharibiwa na joto. Sasa dawa za jamii ya artemisinini nazo zinaua kwa kuharibu protini za kimelea, na utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha njia za kuhimili homa na za kuhimili dawa hiyo zinaingiliana. Yaani kimelea kinajikinga na vyote viwili kwa sehemu ya silaha zilezile. Na usugu huu sio habari za Kambodia, kule ulikoonekana mwanzo, tu tena, vimelea vyenye mabadiliko kwenye jeni ya K13 yanayofanya artemisinini ichelewe kuviua vimeshapatikana Rwanda, Uganda, na kwetu Tanzania huko Kagera.

Kwaiyo usipime kupona kwa kushika paji la uso. Kwenye mseto wa ALu artemeta, ambayo ndiyo ya jamii ya artemisinini, inapiga haraka alafu inaisha mwilini ndani ya masaa, ndio maana homa inashuka mapema, ila kazi ya kumalizia wale waliobaki ni ya lumefantrini ambayo inakaa siku kadhaa, na ukiacha dozi njiani unawaachia waliobaki dawa kidogo isiyowaua, wale wagumu wanapona wao, mbu anakuja anawabeba anapeleka kwa jirani.

Sasa namna ya kumeza. Pima kwanza, usianze dawa kwa kuhisi tu. Dozi ya kila mara inaenda kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1, chini ya 25 viwili, chini ya 35 vitatu, kuanzia 35 vinne. Ya pili unameza saa 8 baada ya ya kwanza, hapo watu wengi wanakosea wanasubiri mpaka kesho, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, jumla mara 6. Meza na chakula chenye mafuta, maziwa, uji wa karanga, wali wa nazi, chochote, maana lumefantrini bila mafuta inaingia kidogo sana kwenye damu. Ukitapika ndani ya saa moja rudia dozi hiyo, alafu uende ukaongezewe vidonge ili visipungue mwishoni. Panadol meza kushusha homa, sawa, ila haiui kimelea hata kimoja.

Joto lingine ni la pale unapoweka dawa. Mseto unatakiwa ukae chini ya nyuzi 30, na Dar mwezi wa pili kivulini tu inapita hapo, je kwenye dashibodi ya gari au juu ya kabati chini ya bati? Dawa ikipungua nguvu unameza dozi kamili kwa macho ila mwilini ni nusu. Weka chumba chenye hewa, mbali na jiko na dirisha la jua, viache kwenye karatasi yake mpaka muda wa kumeza. Na duka la dawa ambalo jua linapiga shelfu mchana kutwa mimi nisingenunua hapo.

Degedege, kuzimia, kutapika kila kitu au mtoto kushindwa kunyonya, hapo sio pa vidonge tena, kimbia hospitali akapate sindano. Na kama umemaliza siku 3 homa bado ipo, rudi, ila omba wapime damu kwa darubini, maana kile kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa hata vimelea vikiwa vimeshakufa.