Ukimuuguza mwenye fangasi ya ubongo, fuatilia na damu yake

Mimi ni mhudumu rika CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga, ziko chini ya 200 akiniambia kichwa kinamuuma siku kadhaa na panado haisaidii, silali. Usingoje shingo ikakamae. Mpeleke siku hiyohiyo, uombe kipimo cha kriptokokasi, fangasi inayoshambulia utando wa ubongo. Damu kidogo tu inatosha. Daktari akitaka kutoa maji ya uti wa mgongo, mkubali. Mtaani wanasema yanapooza miguu. Mimi nimeona wagonjwa wakipata nafuu ya kichwa baada ya kutolewa, maana presha ndani ya fuvu inashuka.

Dawa zikianza, hapo ndipo wengi husahau damu. Amfoterisini, ile ya dripu, hupunguza damu, huumiza figo na kushusha potasiamu. Flusitosini ya kumeza hudhoofisha uboho unaotengeneza damu ndani ya mifupa, chembe nyeupe na chembe sahani (zinazogandisha damu) zikapungua. Na mgonjwa wetu mara nyingi ameingia wodini damu ikiwa tayari pungufu. Kama ARV zake zina zidovudini, mkumbushe daktari, nayo hupunguza damu.

Nunua daftari. Kila akipimwa picha kamili ya damu na figo, andika tarehe, Hb (kiwango cha damu), neutrofili (aina ya chembe nyeupe), chembe sahani na kreatinini (kipimo cha figo). Usikubali kuambiwa "iko sawa", omba namba. Hb ya 7.2 ina uzito mwingine kabisa kama wiki iliyopita ilikuwa 9.5.

Flusitosini humezwa kila baada ya saa 6, kwa hiyo tega alamu: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Ile ya usiku ndiyo inayorukwa, mwamshe.

Kila asubuhi vuta kope lake la chini mbele ya mwanga. Pakiwa peupe, au anahema kwenda chooni tu, ana homa, fizi zinatoka damu au ngozi ina vidoadoa vyekundu, mwite daktari saa hiyo. Dawa usimwachishe wewe.

Kama hajaanza ARV, ataambiwa asubiri wiki 4 hadi 6. Ndugu hugombana na manesi kwa hili, lakini kinga ikiamka mapema mno, uvimbe kichwani unaweza kumuua. Flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi, itaendelea mwaka mmoja au zaidi, hata kichwa kikiwa kimetulia, hadi CD4 zipande na daktari mwenyewe aseme aache.